Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vinyama vya Shaba kwa Njia ya Bastar

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua tuache kwa mwaka mmoja kutapanya nguvu kwenye vitasa na sahani, tukae na somo moja: vinyama vya shaba vinavyosubiwa kwa nta, yaani nta hufunikwa kwa udongo, huyeyuka motoni, na shaba hujaza nafasi yake. Hivyo ndivyo wafanyavyo Waghadwa, mafundi shaba wa Bastar, jimbo la Chhattisgarh, India. Wahindi huiita kazi hii dhokra. Hesabu za fedha ziko kwenye karatasi ya mhazini, na sizirudii hapa.

Niseme mapema lile ambalo kamati imelithibitisha: vinyama vingi vilivyoharibika viliharibika kabla ya moto kuwashwa. Tunalaumu tanuru, ilhali kosa liko kwenye udongo.

Kazi huanza na kiini. Udongo laini uliochujwa huchanganywa na pumba za mpunga, ukafinyangwa umbo la tembo au farasi, dogo kidogo kuliko linalokusudiwa. Kiini hukaushwa kivulini. Ukikianika juani, ngozi hukauka na kusinyaa huku ndani bado kumelowa, na nyufa haziepukiki. Kikishakauka, Waghadwa hukisugua kwa majani mabichi ya maharage ili nta ishike. Hatua hii wengi wetu tuliiruka kwa kuiona ni mila tu. Majani ya kunde yanafaa vilevile, na tofauti huonekana mara moja: nyuzi za nta hazitelezi.

Nta huyeyushwa pamoja na maji na kuchujwa kwa kitambaa. Chavua na uchafu vikibaki humo huacha majivu ndani ya kalibu, yaani ganda la udongo linalofunika nta, na majivu hayo ndiyo vijishimo mnavyovilalamikia mgongoni mwa tembo. Nta ya Tabora ni nzuri, ila kwa joto la pwani hulegea upesi. Sehemu moja ya utomvu wa msonobari kwa nne za nta huikaza; ukizidisha, nyuzi zinakatika. Nta hukamuliwa kwa bomba la mbao lenye kisahani cha matundu mbele, zikatoka nyuzi za unene wa milimita moja hivi, nazo huzungushwa kwenye kiini moja kando ya nyingine bila kuacha pengo. Hizo ndizo zinazompa mnyama wa Bastar ile mistari yake. Anayechonga mistari kwa tupa baada ya kusubu anapoteza muda, na jicho linamgundua.

Pima nta yote uliyotumia. Shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki, ni nzito kuliko nta karibu mara tisa, kwa hiyo gramu 100 za nta zinadai gramu 900 za shaba, na ziada ya kujaza mlango wa kumiminia. Tembo waliokosa masikio walikosa shaba ya kutosha, basi.

Tabaka la kwanza juu ya nta ni udongo laini sana wenye unga wa mkaa na samadi, upakwe mwembamba kwa vidole hadi uingie kila mfereji. Povu la hewa likibaki hapo hugeuka chunusi ya shaba. Tabaka za nje ni udongo wa kichuguu na pumba. Pumba huungua na kuacha vinjia ambavyo hewa na moshi wa nta hupitia. Udongo mtupu ni mgumu na wa kupendeza, lakini haupumui. Kila tabaka likauke kabla ya linalofuata.

Kwa vinyama vidogo, vipande vya shaba huwekwa kwenye kikombe cha udongo kinachounganishwa na kalibu na kuzibwa kabisa. Kalibu huingia tanuruni kikombe kikiwa chini. Mwali ukionyesha ukijani, shaba imeyeyuka. Kalibu hutolewa kwa koleo na kupinduliwa, shaba ikateremka ndani ya kalibu yenye joto lilelile. Ndiyo maana nyuzi nyembamba hujaa. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuondoa takataka juu ya shaba, kwa hiyo shaba chakavu isafishwe kabla. Kwa vinyama vikubwa tunayeyusha shaba kando, kisha tunaimimina kalibu ikiwa bado ya moto. Mlango uwe miguuni: miguu ni minene, hupoa mwisho, na shaba inaposinyaa huihitaji akiba hiyo. La sivyo, ufa hutokea pale mguu unapokutana na tumbo.

Usalama. Kalibu yenye unyevu ni bomu: maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha shaba yenye joto la zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi. Kuanzia sasa hakuna kalibu itakayoingia kwenye tanuru la chama bila msimamizi kuikagua. Moshi mweupe ni zinki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 907, na anayeuvuta hupata homa na kutetemeka saa chache baadaye. Wapo wanaotegemea maziwa kujikinga, lakini maziwa hayaoshi mapafu. Fungua madirisha na ukae upande upepo unakotoka. Koki na viungio vya mabomba vingi vina risasi kidogo ili vikatike vizuri kwenye mashine, kwa hiyo shaba hiyo isitumike kamwe kwa vyombo vya chakula.

Jambo la jina limeleta ubishi. “Bastar Dhokra” imesajiliwa India kama alama ya kijiografia, yaani jina linalolindwa kisheria kwa bidhaa za eneo lake. Alama za dhokra za Bengal na Adilabad, maeneo mengine ya India, zilifuata mwaka 2018. Wapo wanaotaka tuandike dhokra kwenye vibandiko kwa sababu wateja wanaitafuta. Kamati imekataa. Tutaandika “shaba iliyosubiwa kwa nta” na mahali ilipotengenezwa. Njia tumejifunza kwao, lakini soko la jina ni lao.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuendelee na vinyama hivi, tukianza na ndege, ambao miguu yao myembamba inatushinda wote. Kila karakana ilete mkutanoni kinyama kimoja kilichoharibika pamoja na vipande vya kalibu yake, bila kuvisafisha, ili tusome kasoro penyewe zilipotokea.

Mwenyekiti