Somo, mfundishe kulala kwanza

Ngaramtoni, Jumapili usiku

Somo yangu,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila baridi haina adabu. Nakuandikia nimejifunika shuka la Kimasai mpaka masikioni. Radi, mbwa wangu, kalala chini ya cherehani.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Eti mbwa wako ana shetani! Kala kandambili tatu, kamng'ata mwanao kisigino, anauzunguka mpapai mpaka kachimba njia, na ukimtembeza saa nzima anarudi kama ndiyo kwanza kaamka. Mara ya pili nikausoma kwa huruma, kwa kuwa yote hayo nimeyapitia.

Hana shetani, somo. Ni Malinois wa wiki 11, basi. Asili yao ni Ubelgiji, na jina wamelitoa kwenye mji wa Malines. Walikuwa mbwa wa wachungaji, hata kabla Profesa Adolphe Reul, mwalimu wa udaktari wa mifugo, hajawakusanya mwaka 1891 ili kuwachambua aina kwa aina. Kazi yao ilikuwa kulizunguka kundi kutwa nzima, na kondoo akichelewa kukumbushwa kwa meno. Mwanao anapokimbia uani akipiga kelele, wewe unaona mtoto anacheza, yeye anaona kondoo aliyepotea. Polisi na askari wa wanyamapori wanampenda kwa jambo lile lile linalokutesa wewe: hachoki kutaka.

Sasa nikuambie nilivyoharibu mimi, usije ukarudia. Radi alipofika miezi minne nilijisemea, dawa ya mbwa mwenye nguvu ni kumchosha. Nikawa namkimbiza nyuma ya baiskeli, kutoka hapa mpaka Olmotonyi na kurudi. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili akifika nyumbani anataka twende tena. Wiki ya tatu kawa mwanariadha, na mimi ndiye niliyekuwa nalala. Kisha akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Daktari wa mifugo akanieleza kuwa mifupa ya mbwa mchanga huendelea kukua kwenye ncha zake, na kwa mbwa wa umbo hili ncha hizo hazijafunga mpaka apite mwaka. Kumkimbiza kwenye barabara ngumu na kumrusharusha ni kumuumiza pale pale panapokua. Akafungiwa mwezi mzima. Mwezi ule, somo, usiombee.

Lakini ndio ulionifumbua macho. Mbwa mchanga anahitaji kulala kati ya saa 16 na 20 kwa siku, na hawa wenye moto mwingi hawajui kujilaza wenyewe. Ni kama mtoto aliyepitwa na saa ya kulala kwenye harusi: hasinzii, anazidi kukimbia, kulia na kupiga wenzake. Ile saa ya jioni unayosema anapagawa na kung'ata kila kinachopita, mara nyingi ni usingizi tu. Wewe unamwongezea mbio, na yeye alikuwa anataka kufungiwa alale.

Kwa hiyo mpangie siku yake kwa vipande. Ukirudi kuswali alfajiri, mtoe bandani moja kwa moja mpaka mahali pa haja, pawe pale pale kila siku. Kaa kimya mpaka amalize, ndipo umsifu. Halafu mafunzo ya dakika tano, si zaidi, kwa kutumia chakula chake cha asubuhi chenyewe. Jina lake, njoo, kaa, lala. Akili yake bado ndogo. Ukipitisha hapo unamfundisha kukupuuza. Baada ya hapo mchezo kidogo, kisha kamba ndefu na mwendo wa taratibu kati ya michungwa, yeye mbele ananusa, wewe nyuma huna haraka. Kunusa kunamchosha kuliko mbio, amini. Saa 1 na robo, kabla jua la Muheza halijawa kali, awe amerudi bandani, na alale mpaka kama saa 4. Ukimtoa, tena haja, chakula, mchezo mfupi, banda. Mzunguko huo unarudi mara nne au tano mpaka usiku. Kila akiamka, kila akila na kila akimaliza kucheza, mpeleke haja kwanza. Usiku atakuamsha mara moja au mbili kwa sasa. Vumilia, kibofu ni kidogo.

Mchana msimfanyishe kitu juani. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, na huko kwenu hewa yenyewe imejaa maji. Akihema sana huku anayumba, kivulini haraka, mmwagie maji ya kawaida, na umtafute daktari.

Najua kwako mbwa haingii ndani, na mate yake ni najisi kwenu. Hilo halikuharibii kitu. Banda liwe kivulini, sakafu kavu, upande mmoja umezibwa kwa gunia asione kila kuku anayepita, na vyombo vyake viwe vyake peke yake. Kama hutaki akulambe kiganja, tumia mwiko mrefu wa mti: weka kipande cha ini kwenye ncha yake umpe, au mtupie chakula majanini akitafute kwa pua. Kwa kweli hiyo ya kutupia naipenda zaidi. Bakuli moja linaisha kwa dakika moja, lakini chakula hicho hicho kikitawanywa majanini kinampa robo saa ya kazi halali.

Banda lisiwe jela. Mpe humo chakula chake, aingie mwenyewe huku mlango uko wazi, siku mbili tatu, ndipo uanze kufunga kwa dakika chache. Akilia, na una hakika haja amemaliza, ngoja anyamaze kidogo ndipo ufungue. Mimi nilikuwa nafungua katikati ya kilio. Nikamfundisha kuwa kilio ni ufunguo. Kulifuta somo hilo kulinichukua miezi.

Lililonisaidia kuliko yote nililipata kwa bahati. Nilikuwa na sare za shule za kushona, Radi bado hajapona mguu, nikamfunga kamba fupi kwenye mguu wa meza na kumsahau. Alivuta, alilalamika, akatafuna kamba. Mimi na cherehani tu. Baadaye akashusha kichwa, akahema. Nikadondosha dagaa mmoja mbele ya pua yake, bila neno. Akainuka, nikaendelea kushona. Aliposhusha tena, nikadondosha mwingine. Nikafanya hivyo kila siku, robo saa, halafu nusu saa. Leo mlio wa cherehani ukianza tu, anajilaza. Wewe unapochambua machungwa mchana mfanyie hivyo hivyo. Usimwamrishe, usimwite, usimtazame sana. Ukilipa utulivu tu, atauleta.

Meno sasa. Usimpige na usimbane mdomo, huyu anaona ni mchezo na anaongeza nguvu. Mpe kitu halali cha kung'ata, mvutane, mwache ashinde mara nyingi. Kisha mfundishe tamko moja la kuachia: kiganja chako kikishika kitu hicho kife ganzi, ukibane kwenye goti kisitikisike hata kidogo, useme “achia” mara moja tu. Akiachia, mchezo unaanza tena papo hapo. Hapo ndipo anapoelewa kwamba kuachia hakumnyang'anyi kitu. Jino likigusa ngozi, mchezo umekwisha, unaondoka nusu dakika. Akianza kubadili meno, kuanzia kama miezi minne, usivute kwa nguvu, fizi zinamuuma. Na watoto wasikimbie mbele yake kwa sasa. Wakisimama kama miti, anakosa kondoo.

Kuku usimwachie hata siku moja. Mara moja akimpata, umemwonjesha asali. Simama naye mbali, kamba mkononi, mahali anapowaona bila kuvuta. Akiwatazama kisha akageuza macho kwako, mlipe vizuri. Kesho sogea hatua mbili.

Watu wa huko watakwambia umfungie gizani na umlishe pilipili awe mkali. Tafadhali! Mbwa aliyefungiwa asione watu huwa mwoga, na mwoga ndiye anayemng'ata mpita njia. Mpaka kama wiki ya 14 bado moyo wake umefunguka kupokea mageni: pikipiki, mwamvuli, mzee mwenye fimbo, adhana, mvua kwenye bati. Chanjo zake hazijakamilika, basi mbebe umwoneshe kwa mbali, asikanyage jalalani wala panapopita mbwa wa mitaani, kwa sababu virusi vya parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuhara damu, hukaa ardhini miezi mingi. Chanjo hizo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi mitatu, yaani karibu sana. Usiipitishe, una watoto.

Kupe mkague kila jioni, ndani ya masikio na katikati ya vidole. Siku akikataa chakula na kuzubaa, huyu ambaye hajawahi kuzubaa, usingoje kesho.

Kuhusu ugali na dagaa, sawa, ila dagaa wawe wengi kuliko unavyodhani na wasiwe wa chumvi. Mchuzi uliobaki usimmwagie kwa sababu ya vitunguu, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka vipande na kumchoma tumboni.

Utauliza ni lini atatulia. Radi ana miaka miwili na miezi mitatu, na jana kaiba shati la mteja, kanizungusha uwanjani mara sita kabla hajakumbuka neno “achia”. Kola imebaki na matundu manne. Mteja nimemwambia mashine imeharibika.

Nimekushonea gunia la kuvutana, tabaka nne, mishono miwili pembeni, na mshikio mrefu ili mate yabaki upande wake. Linakuja na basi la Jumanne. Ukiona uzi unaning'inia ukate, asije akaumeza.

Nisalimie shemeji, mwambie kandambili nitalipa nikija.

Somo yako