Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2019: Mwaka Tuliomzika Mzee Mengi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watu wenye ulemavu,

Habari za ada na hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Hazina jipya la kuwashtua. Mimi nitakaa zaidi kwenye msiba wa Mei.

Mfanyabiashara wetu mkubwa, Dk. Reginald Mengi, alifariki Dubai usiku wa kuamkia Mei 2 na kuzikwa kwao Machame Mei 9. Alipoagwa ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, wenzetu walikwenda kumuaga, wengine kwa magongo, wengine wakiwa wameshikwa mkono. Hakuna aliyewatumia basi.

Wengi wetu tulimjua kupitia chakula cha mchana alichotuandalia watu wenye ulemavu kila mwanzo wa mwaka pale ukumbi wa Diamond Jubilee. Mwenzetu ambaye kwenye harusi ya ndugu yake huwekwa nyuma, karibu na masufuria, pale alikaa mbele kama mgeni rasmi, na jioni majirani wakamwona kwenye televisheni ya ITV. Kuna wanachama waliosema kikaoni kwamba mlo mmoja kwa mwaka haushibishi. Ni kweli. Ila nawauliza: ni matajiri wangapi wengine walikaa nasi meza moja, wakarudi tena mwaka uliofuata?

Tusimkumbuke kwa pilau tu. Alitoka kwenye familia maskini, akasomea uhasibu Uingereza, akafika juu kabisa katika kazi hiyo. Miaka ya themanini, bidhaa zilipoadimika madukani, alianza kuunganisha peni nyumbani kwake. Peni! Baadaye ndipo vikaja viwanda, na mwaka 1994 Radio One na ITV. Aligharamia watoto wenye maradhi ya moyo kutibiwa India, akapanda miti Kilimanjaro. Naye alikuwa baba kama baba wengine: mwaka 2005 alimzika mwanawe Rodney, na hakuacha kutukaribisha.

Wengi mmeniuliza kama Januari tutaitwa tena kwenye chakula kile. Hilo ni la familia, na si adabu kuwasumbua wafiwa. Yaliyo haki yetu kisheria ndiyo tuyasumbukie. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 kutoka kwetu. Halmashauri nazo zinatakiwa kututengea asilimia 2 ya mapato yao ya ndani, mkopo usio na riba, kwa vikundi. Tunalalamika fedha hizo hazitufikii, na mara nyingine tuna haki ya kulalamika. Lakini kuna vikundi vyetu ambavyo hadi leo havina katiba wala akaunti ya benki, na ofisa maendeleo ya jamii hawezi kupitisha ombi la namna hiyo.

Kamati inapendekeza kazi ya kwanza ya 2020 iwe kusajili vikundi. Fomu ziko kwa katibu. Asiyeona atasomewa na kujaziwa, na mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo siku ya kujaza. Mje na vitambulisho.