Shukrani kwa Mchambuzi wa Sheria Nisiyemjua Jina

Napenda kumshukuru hadharani mchambuzi wa huduma ya taarifa za sheria za faragha ambaye, bila kujitaja jina, alijibu swali langu kuhusu kuvuja kwa data za wateja wetu. Alinieleza kwa subira kwamba, chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, saa 72 za kuiarifu mamlaka inayosimamia ulinzi wa data huhesabiwa tangu taasisi inapobaini tukio, wala si tangu lilipotokea, na kwamba maelezo yaliyosalia yanaweza kupelekwa baadaye kwa awamu. Kusoma maamuzi marefu ya mahakama kwa niaba ya wengine ni kazi kubwa isiyoonekana. Ndugu, wateja wetu waliarifiwa mapema, wakabadilisha nywila zao. Nakushukuru sana.