Barua ya wazi kwa bodaboda, makondakta na wauza nguo wa Dodoma: mwanajeshi akipanda chombo chako

Wanangu, mbukwenyi.

Mwanajeshi akitoka getini, raia wa kwanza kukutana naye ni ninyi. Mnawashusha kambini Ihumwa, mnawapeleka makao makuu ya jeshi Kikombo, na kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita hujaa stendi wakiulizia gari za Makutupora, kwenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wapo pia wastaafu ambao hawavai tena gwanda, na hao ndio mnaowasahau zaidi.

Nianze na salamu. Aliyevaa gwanda mwite afande. Neno hilo linamfaa mwenye V moja mkononi na linamfaa mwenye nyota tatu begani, kwa hiyo usihangaike kubahatisha cheo. "Mjeda" ni neno la kijiweni, liache hukohuko. Mwambie "Pole na kazi, afande", naye akiitikia, washa chombo mwondoke. Kama ni rika la baba yako, shikamoo hutangulia.

Penye makosa mengi ni maswali. Ukishajua pa kumshusha, usiulize mmeondoka wangapi, mnakwenda wapi, mtarudi lini. Hayo haruhusiwi kuyasema, na ukimbana atakudanganya au atakukaripia, na safari nzima imeharibika. Usimpige picha ukairusha kwenye status, wala usielekeze simu kwenye geti la kambi. Na mke wa mwanajeshi aliye nje kwa ulinzi wa amani msimtanie kwa "bado tu hajarudi?" Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu 14 waliuawa kwa usiku mmoja mashariki mwa Kongo. Mama huyo anaijua tarehe hiyo kuliko ninyi. Mbebee ndoo yake ya maji umfikishe mlangoni.

Sasa hao wa Makutupora. Kijana anayeripoti JKT huelekezwa aje na nauli ya kwenda na ya kurudi. Ukimtoza mara mbili kwa sababu ni mgeni na ana begi kubwa, unakula ile ya kurudia, naye akiwa kambini hana pa kuipata nyingine. Mtajie bei ileile unayomtajia mwenyeji. Wakija wawili msiwapakie mshikaki, wote kwenye pikipiki moja. Begi liwe nyuma, lifungwe kwa mpira pande mbili. Likiwekwa mbele juu ya tangi huzuia usukani kukata kona, na hapo ndipo watoto wa watu wanapoangushwa.

Ninyi wa nguo pale Majengo, jueni anachotafuta: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Ukimbambikia bukta ya zipu kwa sababu ndiyo iliyobaki mezani, umemtupia hela yake. Na nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi msiuze wala msivae. Sheria inakataza, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba wenye nazo wazisalimishe. Mwizi akivaa mabaka, kesho yake mtaa mzima unamwogopa mwanajeshi wa kweli anayekwenda kununua mkate.

Makondakta, nimewaachia la wazee. Aliyekuwa na miaka 20 Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, leo anakaribia 70. Wengine walikuwa JWTZ, wengine mgambo, wakatembea kwa miguu na mzigo mgongoni mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hawana alama usoni ya kuwatambua, ila mara nyingine tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, utamwona mmoja pale Sabasaba amebandika nishani kifuani, anangoja gari. Siku hiyo msimwambie gari limejaa.

Tazameni anavyopanda. Mkono wa kulia unashika bomba la mlango, mguu wa kwanza unapanda, goti linagoma, anatulia kidogo avute pumzi. Hapohapo ndipo wengi wenu mnapogonga bodi, "twende!", gari linaruka na mguu mmoja wa mzee bado uko nje. Usigonge mpaka umemwona amekaa. Mpe kiti cha karibu na mlango, asilazimike kuinama na kupita katikati ya watu. Chenji yake mpe kabla hamjafika kituoni, ili wakati wa kushuka mkono wake uwe mtupu wa kushikia bomba. Gari lisimame kabisa. Tangulia wewe chini, mpokee fimbo, umrudishie akishakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili.

Mimi mzee wenu,
Dodoma