Kwa nini mjomba wako hakuja Songea

Mwanangu,

Tangu mahafali umenuna, na sasa umefika chuo bado umenuna. Mjomba aliahidi kuja Songea, hakuonekana, nami nikakudanganya kuwa kashikwa na malaria. Hakuwa na malaria. Kila asubuhi anakwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kunywa methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha heroini, mbele ya muuguzi, anameza kisha anazungumza ili ionekane hakubakiza mdomoni. Akikosa, mwili unaanza kumdai. Safari ya Songea ingemla siku tatu.

Ameanza tangu 2011, kliniki ile ilipofunguliwa. Ulikuwa na miaka mitano. Unamkumbuka yule teja aliyekuwa akisinzia wima pale kituoni, kainama vidole karibu viguse lami, na haanguki? Ulimcheka, nikakuvuta mkono tukapita. Yule alikuwa ndugu yangu.

Hakuanza na sindano. Alikuwa mvuta bangi, siku moja rafiki yake akamtilia unga, yaani heroini, kwenye msokoto bila kumwambia. Kokteli, ndivyo wanavyoita. Mwenyewe anasema raha aliipata siku chache za mwanzo tu, baada ya hapo alikuwa anatafuta kete ya unga ili asiumwe. Arosto, yaani mateso ya kukosa unga, baba, isikie kwa mwenzio: kamasi na machozi vinachuruzika, miayo haikatiki, tumbo linaendesha, mifupa kama inatwangwa. Siku moja aliiba sufuria ya bibi yako ikiwa jikoni. Maharage aliyamwaga uani.

Kisha bomba la sindano, moja kwa watu wanne. Wapo waliofikia kuvuta damu yao kwenye bomba na kumpa asiye na hela ajidunge, eti ina masalio ya unga. Ukimwi na homa ya ini vilipita humo humo. Mjomba aliponea chupuchupu, sijui kwa dua ya nani.

Yule rafiki alikufa. Alikaa rumande miezi minne bila unga, alipotoka akajidunga kiasi kilekile cha zamani, na mwili ulishakisahau. Unga unaulaza ubongo mpaka unaacha kuyakumbusha mapafu kuvuta hewa. Wenzake walimsikia anakoroma, wakamwagia maji wakidhani kalewa tu. Ukimkuta mtu anakoroma hivyo, haamki na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu umkimbize hospitali. Usiogope kuulizwa maswali.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya mwenzako wa chumbani anayemeza tramadoli ili akeshe anasoma. Ile ni dawa ya maumivu, ukoo mmoja na unga, na yeye hana anapoumwa. Akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi yake inalemewa mara mbili. Kwako usiichukue hata nusu, hata ukiwa na mtihani kesho.

Mjomba anajua nimekuandikia. Anasema umpigie, ila iwe mchana, asubuhi yuko foleni.

Mama yako