Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Wadi: nirudishie nguzo zangu

Kwa Bwana Msimamizi wa Wadi,
Nyanda za Kano, Kisumu.

KUH: NGUZO MBILI ZA MBAO ZILIZOCHUKULIWA SHAMBANI KWANGU

Bwana Msimamizi,

Pokea salamu zangu. Ningezileta ofisini mwenyewe, ila karani wako amenizoea mno. Huniambia mkubwa ametoka kikazi hata kabla sijaketi. Ndiyo maana nakuandikia hapa mbele ya watu.

Jumanne iliyopita vijana wako walifika kwangu na lori. Walikata kamba, wakaangusha chini waya wangu wa antena ya redio, wakachimba nguzo ya kwanza wakaing'oa. Ya pili ilipogoma, wakaleta msumeno wa injini na kuikata futi tatu kutoka ardhini. Hawakuacha barua wala stakabadhi. Nilipouliza kosa langu, kiongozi wao akasema nguzo za namna ile ni za stima na raia haruhusiwi kuwa nazo.

Nani alimfundisha hayo? Nguzo ile ni mkaratusi tu. Ulikatwa, ukakaushwa, ukashindiliwa dawa ya shaba, kromu na aseniki, ndiyo sababu una rangi ya kijani na mchwa hawausogelei. Niliinunua mbao hiyo upande wa Eldoret kwa pesa za pensheni yangu ya ualimu. Risiti ninayo, na nakala yake imo kwenye faili yangu ofisini kwako, ikiwa bado ninayo faili.

Leseni pia niliwaonyesha, ile ya Mamlaka ya Mawasiliano, yenye alama yangu ya kujitambulisha hewani, inayoanza na 5Z4 kama za wenzangu wa redio ya ridhaa humu nchini. Kijana mmoja aliisoma akaniuliza kama ni namba ya gari.

Basi nieleze tena, maana naona nilipoeleza mara ya kwanza ulikuwa na haraka. Redio ya ridhaa ni watu binafsi wenye leseni wanaozungumza wao kwa wao, redio kwa redio, kwa kupenda tu. Si kituo cha muziki wala matangazo, na hakuna anayetulipa. Kwenye bendi ya mita 40, yaani masafa ya karibu megahezi 7, antena yangu ni waya wa mita 20 hivi unaovutwa kati ya nguzo mbili, na kebo inashuka kutoka katikati. Kila nguzo ni ya mita 11. Karibu mita 2 nilizizika, kwa sababu udongo wetu mweusi hufura ukinyeshewa na kupasuka jua likiwaka, na nguzo iliyochomekwa juujuu hulala mwaka huo huo. Zilibaki mita 9 hewani, na hizo zinatosha kabisa. Waya ukiwa kwenye kimo hicho, sehemu kubwa ya mawimbi hupanda moja kwa moja, yakafika kwenye tabaka la anga liitwalo ionosfia, yakarudi chini na kutapakaa Nairobi, Nakuru, Kampala. Hayahitaji mnara wa simu wala bando. Sasa waya huo umelala juu ya mabati ya jikoni, na mabati hayo yanameza karibu kila kitu. Juzi usiku nilimsikia mtu wa Kampala kwa mbali sana. Yeye hakunisikia.

Mlingoti wa chuma? Bei yake ni ya watu wenye ofisi. Tena mbao kavu haiingilii mawimbi kama chuma, na haiyumbi kama mti hai unaokata waya kila upepo wa ziwa ukivuma.

Nimejiuliza sana nani alikuchochea. Huenda umeambiwa naiba stima. Bwana Msimamizi, nguzo zangu zilikuwa mbali na laini ya stima kiasi kwamba hata zingeanguka pamoja na waya wangu zisingeigusa. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii. Laini ya stima ni adui yangu, kwani ikiwa na hitilafu hunijazia mngurumo redioni usiku kucha. Sijawahi kufunga hata uzi kwenye nguzo yao, na anayefanya hivyo anacheza na roho yake.

Au labda ni yule jirani anayedai waya wangu unafukuza mvua. Huku Kano! Mvua niliyoifukuza mwaka 2024 bila shaka ndiyo iliyoujaza Mto Nyando hadi familia zikalala madarasani. Wakati huo stima ilipotea na simu zikaisha chaji, mimi nikaketi na redio na betri ya gari, nikipeleka habari za watu kwa wenzangu wa Nairobi ili wawapigie jamaa zao. Wewe mwenyewe ulisimama barazani ukanishika mkono, ukasema mzee huyu ni mali ya jamii na ofisi yako itamlinda. Naona sasa mali ya jamii imekusanywa kwa lori.

Na kuna nguzo moja ya stima, ya kweli hiyo, kwenye njia ya watoto wa shule ya msingi. Imeoza shinani na imeinama tangu mwaka jana, inashikiliwa na nyaya zake. Nilikuletea habari hiyo kwa maandishi. Ukanijibu kwamba nguzo si kazi ya ofisi yako.

Sikuombi fidia, ingawa nastahili. Wala sikuombi uje kuniomba radhi mbele ya baraza. Kamba nitanunua nyingine, shimo nitachimba mwenyewe na wajukuu, ila mvua za vuli zinakaribia na nataka waya wangu uwe juu kabla mto haujapanda. Nirudishie nguzo zangu. Niambie tu zilipo, nitakuja na mkokoteni.

Nimesikia ile iliyokatwa imeonekana ikishikilia paa la kibanda cha bodaboda ulichokizindua Ijumaa. Kama ni kweli, iache hapo hapo, vijana wasinyeshewe. Ile ndefu nirudishie.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mwalimu mstaafu na mwanaredio wa ridhaa,
Nyanda za Kano.