Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Mbeya: mwalimu asigeuzwe uhamiaji

Shikamoo mkuu. Mimi ni mzazi huku Kyela na nipo kwenye kamati ya shule, naandika hapa wazi maana kwenye vikao hili jambo la kudai watoto vyeti vya kuzaliwa darasani kila siku linaishia "tutaliangalia".

Unajua mpaka wetu na Malawi ni mto Songwe, na mto wenyewe unahama, ukifurika unakata njia mpya shamba la mtu linajikuta ng'ambo. Watu wa pande zote ni ndugu, lugha moja, wanaoana. Sasa mtoto wa ndoa hizo kazaliwa nyumbani kwa bibi yake, cheti hana, mama hana kitambulisho cha NIDA, ndo tumwite mgeni?

Juzi kati shule moja huku mwalimu kasimamisha darasa la sita lote, walioleta cheti cha kuzaliwa wakaambiwa wakae. Kuna binti kabaki amesimama peke yake mpaka wenzake wakaanza kumwita Mmalawi. Kesho yake hakuja, na mama yake ambae hata kikao cha wazazi alikuwa haji kwa kuogopa uhamiaji sasa hivi hata sokoni anatuma jirani. Iliniuma sana kwa kweli.

Mkuu, Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kumbagua mtoto kwa asili yake au kuzaliwa kwake, hata akiwa mkimbizi. Na hata Marekani wanakogombana kila siku kuhusu wahamiaji, mahakama yao ya juu iliamua 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto sababu hana karatasi.

Tunachoomba ni waraka kwa walimu wakuu, cheti kisidaiwe mbele ya darasa, na taarifa za mzazi zisitoke ofisini kwenda kokote. Halafu shule yenyewe imsaidie mzazi kufuatilia cheti RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, wamwambie kadi ya kliniki inafaa, cheti cha ubatizo kinafaa, hata cheti cha kumaliza darasa la saba kinapokelewa kama ushahidi, yani ukimfukuza mtoto shule umemnyima na hiyo karatasi unayomdai! Baadae akifaulu akitaka mkopo wa chuo bila cheti hapati.

Waraka utoke kabla ya usajili wa darasa la saba, na nakala zibandikwe kwenye ofisi za vijiji vya mtoni, wazazi wenye hofu shuleni hawaji.